SURA YA SABA: Ngeli za Mahali (PA-, KU-, MU-)

7.1 Utangulizi

Katika sura zilizotangulia tumezichunguza ngeli ambazo nomino zake hujitambulisha zenyewe: mtu na watu, kiti na viti, jino na meno. Ngeli tatu tunazoziingia sasa ni za namna nyingine. Nomino yake halisi ni moja tu, mahali (au pahali), nayo, kwa ajabu kidogo, ina asili ya Kiarabu. Nyingine zote huazimwa kutoka ngeli nyingine: kibanda huwa kibandani, ziwa huwa ziwani, na tangu hapo nomino hiyo huacha upatanisho wake wa awali na kufuata mahali.

Wanachuo wengi hufika kwetu wakiwa wamekwisha kukariri kanuni: PA- ni mahali dhahiri, KU- ni mahali pasipo dhahiri, MU- ni ndani. Kanuni hiyo ni sahihi. Hata hivyo, tunaposahihisha maandalio ya masomo wakati wa mazoezi ya kufundisha, tunakuta mwanachuo yule yule aliyeikariri vizuri ameandika ubaoni *kibandani chetu na *nyumbani yangu. (Alama ya kinyota huonyesha muundo usiokubalika katika Kiswahili sanifu.) Amejifunza kanuni, lakini hajawahi kuona ikifanya kazi. Kwa sababu hiyo hatutaanza na jedwali. Tutasoma kwanza habari ya usiku mmoja, kisha tutarudi kuuliza kila kiambishi kilitufanyia nini.

Habari hiyo ni ya ufuko wa Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge, kaskazini mwa Zambia. Tumeuchagua ufuko huo kwa sababu za kiisimu. Ziwa limegawanywa na mpaka wa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Upande wa Nchelenge lugha kubwa ni Kibemba. Ng'ambo, katika miji kama Kilwa na Pweto, Kiswahili cha Katanga ndicho lugha ya soko. Kiswahili si kigeni huko. Misafara ya wafanyabiashara ilikifikisha katika karne ya 19, na David Livingstone alipofika kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa huko miaka mingi. Siku hizi wachuuzi wa samaki huvuka na lugha yao kila siku, na makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018 katika wilaya ya Nchelenge, yameongeza wasemaji wake.

Neno moja tulieleze kabla ya kusoma. Dago ni kambi ya muda ya wavuvi, nalo ni neno la wavuvi wa pwani yetu, ambao huhama na pepo na kujenga vibanda vyao palipo na samaki. Wabemba huita vibanda vya muda vya aina hiyo imitanda, kimoja umutanda. Tumelichukua neno la pwani kwa kuwa kitu ni kile kile.

7.2 Kifungu cha kusoma: Usiku dagoni

Tuliondoka Kashikishi alasiri, tukafuata ufuko kuelekea kaskazini. Ilikuwa mwezi wa Agosti, majira ya ukavu, na mchanga ulikuwa umeanza kupoa. Tulikuwa watatu kwa miguu. Unga, chandarua na mablanketi vilikuwa katika mtumbwi uliopigwa kafi na vijana wawili wa pale sokoni, nasi tuliagana kukutana kabla ya jua kuchwa katika dago moja la wavuvi wa chisense, samaki wadogo ambao sisi tungewaita dagaa.

Tulifika magharibi. Dago lilikuwa vibanda saba juu ya mchanga, na mtumbwi wetu haukuwapo.

Kibanda tulichopewa kilikuwa cha matete yaliyofungwa kwa kamba za magome. Kiliezekwa nyasi, na juu ya nyasi palitandazwa kipande cha plastiki kilichozuiwa na mawe. Hakikuwa na mlango ila jamvi lililoning'inizwa. Mle ndani mlikuwa na giza, moshi wa zamani na harufu ya samaki. Mtu mrefu hakuweza kusimama. Nje palikuwa na mafiga matatu. Mwenye kibanda, mzee aliyekizoea Kiswahili kwa miaka mingi ya kuuza samaki ng'ambo, katika mji wa Kilwa wa Kongo, alitupokea kwa mikono miwili.

"Karibuni, balimu, mukwai," alisema, akiongeza neno la heshima la Kibemba. "Mulale mu kibanda. Ku ziwa kuko mupepo."

Tukala kwake. Alitupatia ugali wa muhogo na samaki aina ya perege ambaye huko jina lake ni pale. (Mwenzetu mmoja, mwalimu wa sarufi hadi mfupani, hakuweza kujizuia: "Pale wako pale," akasema, akionyesha kapu. Hakuna aliyecheka ila sisi.)

Usiku ukaingia bila mwezi. Huko ziwani taa za wavuvi wa chisense ziliwaka mstari mmoja, mtu angedhani ni mji. Upepo ulikuwa unavuma kutoka nchi kavu kwenda majini, na kila mara ulipozidi, matete ya ukuta yalilia. Mzee alitutuliza. Huenda vijana walikuwa wameogopa upepo, akasema, wakatia nanga katika dago jingine nyuma yetu. Huko nako mlikuwa na kibanda cha wageni, nao bila shaka walikuwa wamelala humo.

Mwenzetu yule yule akashuka ufukoni kuwauliza wavuvi waliokuwa wanapita karibu na taa yao. Tulisikia sauti zikipishana na upepo. Kisha akatupigia ukelele kutoka majini:

"Wamewaona! Wamo!"

Tukamshukuru Mungu. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kujinyosha mkekani. Lakini mzee hakulala. Alitoa kichwa nje ya jamvi, akauliza kwa sauti kubwa:

"Bamo mu nini?"

Pakawa kimya. Kisha jibu likaja: "Mtumbwini! Wamo mtumbwini!"

"Kumbe bako ku maji," mzee akasema, na alikuwa amekwisha kuinuka. Akachukua taa, akapanda juu ya rundo la mchanga nyuma ya vibanda, akaanza kuipunga taratibu, kulia na kushoto. Sisi tulisimama naye tukipokezana, maana mkono huchoka. Wavuvi wawili wakaingiza mtumbwi wao majini wakaelekea gizani.

Vijana walifika baadaye sana, wakivutwa na kamba. Mtumbwi ulikuwa na maji nusu, kafi moja ilikuwa imepotea, na unga wote ulikuwa umelowa. Waliona taa moja isiyo katika mstari wa taa nyingine, wakaifuata mpaka wakakutana na wale waliowaendea. Kibandani mlilala watu sita usiku huo, pamoja na mzee, chini ya chandarua kibichi, kwa kuwa malaria ni nyingi katika wilaya ile na hakuna aliyetaka kulala nje yake.

Kulipokucha, wanawake walikuwa wamekwisha kuwaanika chisense mchangani, na ufuko wote ulikuwa wa rangi ya fedha.

7.3 Kibandani: nomino inayohama ngeli

Tuanze na lililo jepesi. Tazama sentensi hizi:

(1) Kibanda chake kimeezekwa nyasi.
(2) Kibandani pake pana mafiga.
(3) Kibandani kwake kuna wageni.
(4) Kibandani mwake mna giza.

Katika (1) kibanda ni nomino ya ngeli ya KI-VI, na kila kinachohusiana nayo hufuata: chake, kimeezekwa. Katika (2) hadi (4) kiambishi tamati -ni kimeitoa katika ngeli hiyo. Haizungumziwi tena kama kitu kilichojengwa. Inazungumziwa kama mahali. Ndiyo maana *kibandani chake hakikubaliki. Mwandishi wa kosa hilo ameisogeza nomino hadi mahali, lakini amekiacha kimilikishi chake katika ngeli ya zamani.

Tazama pia kwamba -ni ni moja tu katika sentensi zote tatu. Haitofautishi nje na ndani, wala karibu na mbali. Kazi hiyo hufanywa na viambishi vya upatanisho, pa-, ku- na m-. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba "-ni maana yake ni ndani" anawapotosha. Katika (2) mafiga yapo nje, na nomino bado ni kibandani.

Kuhusu umbo la kiambishi cha ngeli ya tatu: huwa m- mbele ya konsonanti (mna, mlilala, mle) na mw- mbele ya baadhi ya irabu (mwake, mwangu). Hapa kuna mtego ambao vitabu vingi hupita kimya. "Kibandani mlilala watu sita" ina kiambishi nafsi kinachofanana kabisa na cha ninyi mlilala. Mle ni kionyeshi cha ndani, na pia ni kitenzi: "Nataka mle mshibe." Mwenye ni "ndani palipo na", na ni "mmiliki", kama tulivyoona katika mwenye kibanda. Muktadha ndio unaoamua. Mwanafunzi akikwama, asiambiwe amekosea kusoma. Aambiwe asome sentensi hadi mwisho wake.

7.4 Tofauti ya maana

PA- huonyesha mahali ambapo msemaji anaweza kupaelekezea kidole. "Nje palikuwa na mafiga matatu": mahali pale pale, si pengine. KU- huonyesha eneo pana, upande, mwelekeo, au mahali ambapo msemaji hapajui vizuri. "Ku ziwa kuko mupepo": upepo hauna nukta, umetanda. MU- huonyesha ndani ya kitu chenye mipaka: kibanda, mtumbwi, kapu, maji.

KU- ina kazi nyingine isiyohusu mahali pa kukanyaga. "Kulipokucha" haina mtenda. Hakuna anayekucha, hali ya ulimwengu ndiyo iliyobadilika. Vivyo hivyo kumetulia, kumechafuka, kuna baridi. Tunaamini kwamba hii ndiyo sababu ku- imekuwa ikizivamia ngeli mbili nyingine katika usemi wa leo. Watu wengi, hata waliolelewa katika Kiswahili, husema "Kibandani kuna giza" wakimaanisha ndani. Hatuliiti hilo kosa. Ku- ni kiambishi kisichodai mengi, na msemaji asiyetaka kutofautisha anayo haki ya kutotofautisha. Mwalimu wa lugha, hata hivyo, hana budi kujua kilichoachwa. Atakayekuambia "Majini mna mamba" amekupa habari tofauti na atakayesema "Majini kuna mamba": wa kwanza anakukataza usitumbukize mguu, wa pili anakuonya juu ya upande mzima.

Ukanushi tuutaje kwa ufupi: hapana, hakuna, hamna. La kwanza limegeuka kuwa jibu la kukataa, na la tatu liko njiani katika usemi wa vijana. Kwa maana yake ya asili, sentensi ya aina hii ingeweza kuandikwa: "Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa upande wa Zambia, na dagoni hapana moto, vibandani hamna watu."

7.5 "Wamo": kiini cha somo

Turudi sasa kwenye ukelele ule. Viambishi -po, -ko na -mo hujengwa kwa viambishi vya mahali pamoja na -o ya urejeshi, ile ile tuliyoiona katika cho na vyo. Kazi ya -o hiyo ni kurejelea kitu kilichokwisha kutajwa au kinachojulikana na wasemaji wote wawili. Kwa hiyo yumo haimaanishi "yuko ndani" tu. Humaanisha "yuko ndani ya kile tunachokijua".

Mwenzetu alisema kweli, na kisarufi hakukosea hata herufi moja. Wavuvi walikuwa wamemwambia habari za mtumbwi, na kwa hiyo -mo yake ilirejelea mtumbwi. Sisi tuliobaki juu tulikuwa tumetoka kuzungumza juu ya kibanda cha wageni katika dago jingine, na kwa hiyo tuliielewa -mo ile ile kuwa ni ya kibanda. Neno moja, ndani mbili. Tukajinyosha.

Mzee hakudanganyika, na sababu inastahili kufundishwa. Katika Kiswahili alichokizoea, kama katika Kibemba chake, mu husimama mbele ya nomino na huidai: mu kibanda, mu mtumbwi, mu maji. Kwake yeye bamo bila nomino ilikuwa sentensi iliyokatika katikati. Akauliza kilichokosekana: mu nini?

Mwanachuo ataona sasa kwa nini tunasisitiza, katika mazoezi ya uandishi, kwamba -po, -ko na -mo zisitumiwe kabla kitu kinachorejelewa hakijatajwa. Si suala la mtindo. Katika barua ya kuomba msaada, katika taarifa ya ajali, katika maelekezo anayopewa dereva wa gari la wagonjwa, "wamo" isiyo na nomino yake inaweza kumlaza mtu aliyepaswa kuamka.

Tuongeze jambo juu ya kuuliza. Swali la kawaida ni "Yuko wapi?", kwa -ko, kwa kuwa anayeuliza hapajui mahali. "Yupo?" bila wapi huulizia kuwapo kwa mtu mahali panapojulikana, au hata kuwa hai. "Mzee yupo?" na "Mzee yuko wapi?" si maswali mamoja, ingawa yote mawili huweza kuulizwa mlangoni kwake. Katika miji yetu "Yupo wapi?" nayo husikika sana, katika insha ya mtihani tungeshauri -ko.

7.6 "Mu kibanda" si ujinga

Sehemu hii inamhusu mwalimu kuliko mwanafunzi. Katika shule za mikoa yetu ya magharibi, na popote palipo na watoto waliotoka Kongo, mwalimu atasikia mu nyumba, ku soko, pa meza. Tumewahi kukaa nyuma ya darasa ambamo mtoto aliyesema "Baba iko mu nyumba" alisimamishwa mpaka kipindi kikaisha. Hakuambiwa kosa lake ni nini. Mwalimu mwenyewe, tulipomwuliza baadaye, alisema ni "Kiswahili kilichovunjika".

Hebu tulinganishe na Kibemba:

(5) pa ng'anda, ku ng'anda, mu ng'anda
(6) Mu ng'anda muli abantu.
(7) palya, kulya, mulya

Ng'anda ni nyumba. Katika (5) viambishi vitatu vya mahali hutangulia nomino na kuonyesha penye nyumba, upande wa nyumba na ndani ya nyumba. Katika (6), "Nyumbani mna watu", kitenzi nacho huchukua mu-, upatanisho kamili kama wetu. Na (7) ni ndugu za wazi za pale, kule na mle. Mfumo huu wa kutanguliza pa-, ku- na mu- umeenea katika lugha za Kibantu, na wataalamu huuona kuwa ni wa kale kuliko -ni yetu. Kiswahili cha pwani, ambacho lahaja yake ya Kiunguja ndiyo msingi wa Kiswahili sanifu, kiliacha kuvitumia viambishi hivyo mbele ya nomino, kikaweka -ni nyuma yake, lakini kikavihifadhi katika upatanisho. Mtoto anayesema mu nyumba hajavunja kitu. Ametumia mfumo wa babu zake, ambao ni wa babu zetu pia.

Je, tumwachie? Hapana. Atafanya mtihani wa Kiswahili sanifu na ataandika barua kwa watu wasiomjua. Afundishwe nyumbani mna. Lakini aanzie alipo. Anajua tayari tofauti ya mu, ku na pa, jambo ambalo mwenzake wa mjini huenda amekwisha kulipoteza kwa kusema kuna kila mahali. Mwalimu ana kazi moja tu, nayo ni kumwonyesha kwamba mu yake haikufa: imehama kutoka mbele ya nomino hadi mbele ya kitenzi na kimilikishi. Mu nyumba yangu huwa nyumbani mwangu. Tumeijaribu njia hii darasani, na watoto huielewa kwa kipindi kimoja. Upatanisho wa iko, ambao katika Kiswahili cha huko hutumika na karibu kila kitu, ndio unaohitaji muda mrefu zaidi, nao tutaurudia katika sura ya tisa.

7.7 Urejeshi na majina ya pekee

Linganisha:

(8) kibanda tulichopewa
(9) kibanda tulimolala
(10) dago tulipofikia
(11) ng'ambo walikotoka

Katika (8) kibanda ni kitu kilichotolewa, na kirejeshi ni -cho-. Katika (9) ni kibanda kile kile, bila -ni, lakini kirejeshi ni -mo-, kwa kuwa kitenzi kulala kinakitazama kwa undani wake. Nomino haikubadilika, mtazamo wa msemaji ndio uliobadilika.

Majina ya pekee ya mahali hayachukui -ni. Hatusemi *Nchelengeni wala *Kashikishini. Upatanisho, hata hivyo, hubaki, na katika majina haya ndipo maana ya kila kiambishi huonekana bila msaada wa kitu kingine. Tuchukue mfano wa kwetu. Wapandaji wa Kilimanjaro wanaofuata njia ya Marangu hulala katika vituo vitatu vya vibanda: Mandara, Horombo na Kibo, hiki cha mwisho kikiwa kwenye kimo cha mita zipatazo 4,700. "Horombo pana vibanda" huonyesha kituo. "Horombo kuna baridi" huonyesha eneo lote na hali yake. "Horombo mna watu wengi" huleta shida kidogo: msikilizaji hujiuliza ndani ya nini, na hatuna budi kusema "Vibandani, Horombo, mna watu wengi".

Jina Kilwa linatupa mfano mwingine. Lipo la pwani ya Tanzania, lipo la kisiwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia, na lipo la mji wa Kongo ng'ambo yake. "Yuko Kilwa" yafaa kwa zote tatu. Mwenye nduguye safarini atauliza zaidi.

7.8 Mazoezi

1. Sahihisha sentensi zifuatazo, kisha eleza kwa nini kila moja haikubaliki katika Kiswahili sanifu:
   (a) *Dagoni letu lina vibanda saba.
   (b) *Mtumbwini yao iliingia maji.
   (c) *Walilala kibandani kidogo.

2. "Kibandani pamelala watu", "Kibandani kumelala watu", "Kibandani mmelala watu." Umefika gizani, umechoka, unatafuta pa kulala. Kila sentensi inakupa habari gani juu ya mahali watu walipo, na ni ipi kati ya hizo itakayokufanya uendelee na safari?

3. Soma tena kifungu. Orodhesha vitenzi vyote vyenye viambishi vya ngeli za mahali, ukitenganisha vile vinavyorejelea mahali pa kweli na vile vinavyorejelea hali au wakati.

4. Katika kifungu, mzee alisema "Kumbe bako ku maji", ingawa alikuwa ameambiwa wamo mtumbwini. Kwa nini alibadili kutoka mu hadi ku? Jadilini wawili wawili kabla ya kuandika.

5. Andika maelekezo ya aya moja kwa mgeni atakayekuja usiku kulala nyumbani kwenu bila kukukuta. Tumia angalau po moja, ko moja na mo moja, kila moja baada ya nomino inayorejelewa. Mpe mwenzako asiyepajua kwenu ayasome, kisha mwulize angeingia wapi.

6. Andaa somo la dakika 40 kwa darasa lenye watoto wasemao mu nyumba. Ubaoni usiandike neno "kosa".